Moto wa Mwisho wa Pimbi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa mlima na baridi yake, mnyonge na haki yake.

Hapo kale, juu ya mlima wa mawe, wanyama walikuwa na kibuyu kimoja cha asali, dawa ya kifua ya watoto wote. Nusu asali, nusu hewa, kizibo cha nta. Siku moja kibuyu hakionekani.

Nani alipiga kelele kwanza? Nyegere, mkubwa wao, mwenye joho mpaka miguuni.

"Mwizi ni Pimbi! Atoke pangoni, yeye na wanawe!"

Watoto, kwenye baridi ile! Jamani, mwanisikia? Hakuulizwa, hakupekuliwa, hakuachwa hata ameze mate. Mnyonge hana haki, husema watu. Nami nauliza: nani aliyemnyang'anya?

Sasa, mlima ule ulikuwa na desturi. Anayefukuzwa hukokewa moto wa mwisho, na mshitaki wake huketi naye bega kwa bega, wanyama wote wakitazama.

Pimbi akaketi. Yeye ni mnyama wa kuota jua, anaijua hewa. Hewa ni vijitu vidogo visivyoonekana. Kwenye baridi vinajikokota kama wagonjwa. Vikipata joto vinakimbia, vinagonga kuta, vinataka mlango!

"Mzee wangu, joho limenenepa. Sogea uote."

"Nimeshiba tu."

Pimbi akatia kuni. Ndani ya kibuyu vijitu vikaamka: tembea, tembea.

"Sogea, mzee. Au waogopa moto?"

"Mimi? Niogope?" Akasogea. Pimbi akatia kuni. Vijitu mbio, mbio.

"Mbona jasho, mzee? Vua joho."

"Sivui!"

Pimbi akatia kuni. Vijitu gonga, gonga, gonga ukutani, nta ikalegea...

PWAA!

Kizibo kikaruka kutoka ndani ya joho, kikamgonga Nyegere kidevuni. Asali ikamchuruzika mpaka kwenye nyayo.

Kisha Nyegere, bila haya: "Haya, yamekwisha. Tusameheane."

"Yamekwisha?" Pimbi akasimama. Ni mfupi, lakini siku ile alionekana. "Mwizi alipokuwa mimi, mlihukumu kabla sijafungua mdomo. Leo mwizi ni mkubwa, ndiyo mmekumbuka msamaha? Wanangu wana kifua. Leta kibuyu! Na desturi ni ileile. Moto wake wa mwisho ameshauota."

Wanyama wakatazamana. Wakaona aibu. Wakasema: "Atoke!"

Ndiyo maana Nyegere hutembea peke yake, na Pimbi huota jua juu ya mawe, hana wa kumwondoa.

Ngano yangu imefika ukomo. Utamu wake gawaneni. Uchungu wake mwachieni msingiziaji.