Mkunga Aliyemzuia Mfalme Saa Sita Mchana

Mtumie hii kila mwenye cheo anayependa kukagua kazi asiyoijua. Kisha mtumie na yule anayemfungulia mlango.

Palikuwa na nchi ambako mama wa mfalme aliumwa mifupa hadi akashindwa kushika kikombe. Daktari wa ikulu alijaribu kila alichokuwa nacho, mwisho akasema imebaki dawa moja: mafuta ya maua ya bangi, tena bangi iliyolelewa ndani ya nyumba, safi, isiyo na mbegu. Baraza likakaa, sheria ikapita. Ruhusa ikawa kwa dawa tu, na kwa kibali cha mfalme tu.

Ikatafutwa mikono. Wanaojua kuilima walikuwepo, tena wengi, lakini nani angesimama mbele ya askari aseme anajua? Ukiuliza, nchi nzima ilikuwa haijawahi hata kuiona. Ikabidi wachukuliwe watu wawili wasiojua kitu.

Wa kwanza alikuwa Bwana Mhando, mfanyabiashara wa kanzu zilizonyooka na maneno yaliyonyooka zaidi. Wa pili alikuwa Bi Kalunde, mkunga. Kila mmoja akapewa chumba kisicho na dirisha, taa, feni, mbegu kumi na mbili na miezi minne. Atakayeleta maua bora atakabidhiwa ufunguo wa nyumba ya dawa, awe mlezi wa miche ya wagonjwa wa nchi nzima. Atakayeshindwa atarudi alikotoka.

Watu walimcheka Kalunde. Walisema mkunga ashike vichanga, mambo ya taa na vipimo awaachie wanaume. Yeye alikuwa ameona wagonjwa wengi mno wakiuma shuka kwa maumivu. Ufunguo ule aliutaka, na hakuona haya kuutaka.

Alianza vibaya. Alimwagilia asubuhi na jioni kwa mapenzi, miche mitatu ikaoza mizizi. Iliyobaki akaishushia taa karibu mno, majani yakababuka nchani. Hapo akatulia. Akatoboa ndoo chini, akachanganya udongo na pumba za mpunga ili maji yapite. Akaacha kumwagilia kwa saa, akawa anamwagilia kwa kidole: akikichomeka udongoni akakuta pakavu hadi kiungo cha pili, ndipo anatia maji. Feni akaielekeza ipepee juu ya majani taratibu, mashina yakakakamaa. Miche ya kiume ilipojionyesha, ile ambayo ingeijaza mingine mbegu, akaing'oa yote mitano bila kuiombea msamaha.

Ikabaki minne. Minene, mipana, ya kijani kilichokolea. Kila akiitazama kifua kilimjaa fahari.

"Hii nimeizalisha mimi," alimwambia daktari.

Ukafika wakati wa maua, na daktari akawaeleza wote wawili sharti la mwisho. Mmea huu ili uchanue vizuri hutaka saa kumi na mbili za mwanga na saa kumi na mbili za giza totoro, kila siku, bila kukatizwa. Na kwa kuwa nchi ilikuwa ya joto, taa zikiwaka mchana vyumba vingegeuka tanuri. Wakakubaliana taa ziwake usiku kwenye ubaridi, mchana zizimwe. Yaani jua likichomoza nje, mle ndani usiku ndio unaanza.

Wiki ya tatu ya maua, mfalme akatoka kukagua. Saa sita mchana, na mawaziri, na wapiga picha, na tarumbeta.

Kwa Mhando mlango ulikuwa wazi hata kabla hajabisha. Taa zikawashwa zote, wageni wakajipanga kati ya mimea, picha zikapigwa. Mfalme akafurahi kweli, akaahidi kurudi.

Kwa Kalunde walimkuta amesimama nje, mgongo wake mlangoni.

"Fungua, mama," mlinzi wa mfalme akasema.

"Ndani ni usiku."

Mawaziri wakacheka. Mmoja akaonyesha jua lililokuwa utosini, akauliza kama mkunga ameanza kuionja dawa kabla ya mgonjwa.

Mlinzi hakucheka. "Unajua aliyesimama mbele yako ni nani?"

"Mimi namjua," Kalunde akasema. "Mimea ndiyo haimjui."

Akainamisha kichwa kwa adabu, lakini mgongo haukubanduka. Akaeleza kwamba kwa miaka kumi na tisa amewazuia akina mama mkwe kuingia chumba cha mzazi, na wale ni wakali kuliko jeshi. Mtukufu arudi saa moja jioni taa zitakapowaka, atapokewa kwa heshima zote.

Mfalme hakurudi jioni. Aliondoka amenuna, akatoa waraka kwamba ufunguo ni wa Mhando, na siku ya mavuno itakuwa ya sherehe tu.

Hebu tuulizane hapa. Mtu ametumwa kulinda. Amelinda. Anaadhibiwa kwa kosa gani? Kalunde aliusoma waraka ule mara mbili, akaukunja, akarudi kwenye kazi yake. Wiki tano zilizobaki hakuacha kuilea ile mimea hata siku moja.

Siku ya mavuno mama wa mfalme aliletwa ukumbini kwenye kiti cha magurudumu, mikono imekunjamana mapajani. Daktari akachukua ua la Mhando, kubwa kama ngumi, akalipasua. Mbegu zikamwagika kiganjani. La pili, mbegu. La tatu, mbegu. Akachukua la Kalunde: utomvu ukamnata vidoleni, harufu ikajaa ukumbi, na mbegu haikuonekana hata moja.

Daktari akasema mmea ukikatiziwa usiku wake huingiwa na hofu. Huacha kutengeneza dawa, hukimbilia kuzaa. Maua ya Mhando yamekatiziwa usiku.

Mfalme akamgeukia Mhando kwa ghadhabu. "Mchana ulimfungulia nani?"

Mhando akaitazama kanzu yake. "Mtu mmoja tu, Mtukufu. Mara tatu."

"Nani huyo?"

"Wewe."

Mfalme akaitazama mikono ya mama yake. Kisha akauchukua ufunguo, akashuka ngazi mwenyewe hadi aliposimama Kalunde.

Waziri mmoja akawahi kushauri kwamba, kwa kuwa nyumba ya dawa ina funguo mbili, wa pili ubaki ikulu ili Mtukufu aingie atakapo, kwa heshima ya kiti cha enzi. Kalunde, aliyekwisha kunyoosha mkono, akaurudisha.

"Basi mpeni mtu mwingine."

Mfalme akasita. Sauti iliyofuata ilitoka kwenye kiti cha magurudumu.

"Mpe zote mbili, mwanangu."

Akampa zote mbili.

Funzo: Kumheshimu mkubwa si kumfungulia kila mlango, anayekijua kitu alicholea ana haki ya kumwambia hata mfalme "bado", na mfalme mwenye akili husubiri.