Kesi Aliyoshindwa Wakili Chiku

Mzee Haule, mwenye mashine zote za kusaga pale Nambende, alikwenda mwenyewe ofisini kwa Wakili Chiku Mapunda. Chiku alikuwa amegombea udiwani mara mbili, na mara zote mbili mzee huyo, diwani wa kata, alimwangusha.

"Mwanangu, safari hii usichukue fomu," alisema. "Nimechoka kukuaibisha."

"Nimekusikia, mzee wangu," alijibu Chiku.

Wiki iliyofuata akamshtaki kwa kukwepa msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kila mkazi hulazimika kuifanya. Wakazi wote wa kata walichimba mtaro wa soko, lakini Mzee Haule hakushika jembe hata siku moja.

Mahakamani mzee aliapa huku akitabasamu. "Mheshimiwa hakimu, mtaro huo ni wa wakazi. Mimi makazi yangu ni Songea. Hapa nina mashine tu."

"Hata kulala hulali hapa?" Chiku aliuliza kwa unyonge.

"Hata usingizi wa mchana!"

Kesi ikatupwa. Soko zima likamcheka Chiku. Mzee Haule alimwona akiomba nakala ya hukumu yenye muhuri, akamhurumia.

Wagombea waliporudisha fomu, Chiku alimwekea mzee pingamizi. Msimamizi wa uchaguzi aliisoma ile nakala ya hukumu mara mbili.

"Mzee, mgombea lazima awe mkazi wa kata hii."

"Mimi si mkazi? Nyumba yangu si ile pale?"

"Basi mahakamani uliapa uongo, na hilo lina kifungo. Niandike lipi?"



"Andika Songea," alisema Mzee Haule.