Miiba ya Mkomamanga

"Paka wa sheikh akimla kinda aliye katika amana, siku ya hesabu ataulizwa nani?"

Inasimuliwa kwamba swali hilo lilitoka nyuma ya pazia la wanawake, katikati ya darsa, na hapana aliyelijibu. Muulizaji alikuwa Bi Raihana, mjane mcha Mungu ambaye ua wake ulipakana na msikiti.

Uani mwake palikuwa na mkomamanga, na humo tetere alijenga kiota. Siku alipoliona yai la kwanza, Bi Raihana alimwambia ndege kwa sauti, "Mgeni wangu, uko katika amana yangu." Na kwake yeye neno la amana halikuwa mchezo. Akauzungushia mti matawi ya miiba, maana paka wa Sheikh Muadhi, aliyelala juu ya mkeka wa sheikh na kulishwa maziwa na waumini waliotafuta thawabu, alikwisha kuanza kukikodolea macho kile kiota.

Makinda wakaanguliwa, wawili. Siku ya tano paka akachomwa na mwiba mguuni. Sheikh akaja, akapiga hodi.

"Binti yangu, kiumbe wa Mungu anachechemea kwa ajili ya miiba yako. Iondoe."

"Sheikh wangu, nivumilie siku nane tu, makinda waruke."

"Rehema haingoji siku nane," akasema, na kwa mikono yake mwenyewe akaifungua.

Bi Raihana alitaka kumshika mkono. Adabu ikamzuia. Ndivyo alivyolelewa: mwenye kilemba akishasema, mwanamke aseme labeka.

Kulipokucha alikuta manyoya chini ya mti, na tetere yuko juu ya ukuta.

Alasiri ile ile sheikh alifundisha huruma kwa viumbe. Akakisimulia kisa cha mguu wa paka wake, na watu wakasema mashallah. Hapo ndipo swali lilipotoka.

"Adabu, Bi Raihana!" mmoja akakemea.

"Ndege wawili? Hata kitoweo hawatoshi!" akadakia mwingine, na kicheko kikazagaa pande zote mbili za pazia. Sheikh akafunga kitabu.

Bi Raihana hakubishana tena. Kila baada ya alfajiri alifagia chini ya mkomamanga, akamwomba Mola amsamehe kwa kunyamaza kwake siku ile ya miiba. Kwa swali lake hakuomba msamaha.

Siku ya arubaini hodi ikapigwa. Sheikh alikuwa amebeba mzigo wa miiba, viganja vinamtoka damu.

"Binti yangu, nimekuletea jibu."

"Ulinyamaza mbele ya watu, sheikh wangu. Jibu mbele ya watu."

Ijumaa sheikh akasimama mbele ya watu. "Ataulizwa Muadhi," akasema. "Nilimhurumia yule tu anayelala mkekani kwangu, nikaiita rehema."

Watu wakalia. Tazameni unyenyekevu wa sheikh wetu, wakasema, na sifa zake zikafika miji ya mbali. Hapana hata mmoja aliyesema, maskini tetere. Naye tetere hakurudi. Kiota kilikaa mtini kitupu mpaka mvua ikakiangusha.

Mola amrehemu sheikh kwa ukweli wake. Kukiri ni jambo jema, ila kinda aliyekwisha kuliwa hasikii khutba. Basi wewe unayesikiliza, kama uani kwako kuna kiota, mfungie paka wako ndani mpaka makinda waruke.