Majani Yanayozeesha

Hapo zamani za kale, kondoo walipokuwa wakijichunga wenyewe na kuoana kwa posa kama sisi, aliishi dume mmoja pandikizi aitwaye Gogota. Bonde zima lenye majani mabichi alilifanya lake. Madume vijana aliwafukuzia mlimani wakatafune miiba.

Mmoja wao alikuwa Chikoti, mdogo wa mwili lakini mwepesi wa akili. Alimpenda Nasimba, na Nasimba alimpenda, basi akaenda kuposa kwa Shangazi Manyoya, shangazi wa Nasimba.

Desturi ya kondoo, wanangu, ni kwamba shangazi humkagua mposaji. Shangazi akapapasa pembe, zilikuwa vinundu tu. Akamwambia alie. "Mee," kasauti kembamba kakatoka. Mwisho akachungulia mfuko wa mbegu ulio nyuma, katikati ya miguu, akaguna.

"Mwanangu, huu bado ni kama kifuko cha ugoro. Humo mbegu hazijaanza kutengenezwa. Nikikuoza leo, Nasimba atapata mume lakini hatapata mtoto."

"Nifanyeje, Shangazi?"

"Kula ushibe. Dume mwenye njaa huchelewa kukomaa. Nakungoja mpaka masika yaishe. Baada ya hapo namwoza Gogota, naye kaleta posa."

Chikoti akatoka roho inamuuma. Atashibaje kwa miiba? Akateremka bondeni, akamkuta Gogota anatafuna, kwachu, kwachu.

"Shikamoo, babu."

"Babu nani? Mimi bado kijana."

"Niwie radhi, mjomba. Nadhani ni haya majani. Mwanakondoo akiyala anakuwa dume, sivyo?"

"Ndivyo. Ndiyo maana siwapi."

"Na aliyekwisha kuwa dume, akizidi kuyala anakuwa nani?"

Gogota akaacha kutafuna. Jani likamning'inia mdomoni.

"Anakuwa mzee," Chikoti akasema kwa upole. "Hata goti lako nimelisikia likilia, ka, ka. Sisi wa miibani tungali watoto vilevile."

Jitu lile likatema majani, ptu! "Basi njooni mle nyinyi, mzeeke nyinyi. Mimi nakwenda mlimani kurudi ujanani."

Vijana wakashuka mbio, wakala mpaka wakavimbiwa. Siku zikapita, pembe zikajikunja, sauti zikawa nzito, na ile mifuko ikajaa ikaning'inia. Masika yalipoisha Shangazi Manyoya akamkagua Chikoti tena. Safari hii hakuguna, alipiga vigelegele. "Sasa hili ni ghala la mbegu," akasema. Harusi ikafungwa, na muda wa mimba ulipotimia Nasimba akazaa mapacha.

Siku ya kuwapa watoto majina, Gogota akashuka mlimani, mbavu nje, miguu inatetemeka.

"Chikoti, mbona sijawa kijana?"

"Mwili umekuwa wa kijana, mjomba, wa kijana wa miibani. Karibu ule, majani ni ya wote."

Gogota akainamisha kichwa akala pamoja nao. Wanangu, anayewanyima wadogo wasikue, hofu yake mwenyewe ndiyo itakayomlaza njaa.