Vyumba vya Siwema

Agawaye vyumba kwa kumtazama jirani, mgeni wake hulala kibarazani. Mmeisikia kwa shangazi yenu sasa hivi, mnauliza imetoka wapi. Sogeeni, mkeka bado una nafasi. Methali hii haina uzee wowote. Ilianza hapa hapa Tabora, nami nilikuwepo.

Siwema alikuwa na studio ya picha, ikitazamana na ya Kashindye. Harusi zote zilikwenda kwa Kashindye, maana wageni waliondoka na picha zao mkononi kabla pilau halijapoa. Jambo hilo likamkaa Siwema rohoni. Akanunua kompyuta, akamwita fundi Mabula, yule yule aliyemwekea Kashindye mfumo wa Linux na kumgawia diski vyumba, kila kazi na chumba chake.

"Kashindye ana chumba cha picha ukubwa gani?"

"Giga mia tatu."

"Mimi nipe mia nne na hamsini."

"Dada, diski yako nzima ni mia tano. Mfumo unataka chake, na foleni ya kuchapa inataka chake. Picha husubiri humo kabla ya kutoka. Kashindye ameiachia mia."

"Nimekuuliza foleni? Ipe kibaraza tu."

Mabula akaipa giga tano. Siwema akaja kututangazia, sisi tuliokuwa tukisukwa saluni, kwamba chumba chake kinameza cha Kashindye.

Akaipata harusi ya binti wa dada yake, baada ya kumsema Kashindye kwa kila shangazi. Siku hiyo, ili amshinde na kwa kasi, akatuma picha mia tatu kwa mpigo. Zikatoka kumi na mbili, mashine ikagoma: nafasi imejaa. Wageni wamejipanga kutoka studio hadi barabarani, Kashindye kaegemea mlango wake, anatafuna karanga.

Mabula akaitwa. "Chumba kikubwa kina giga mia nne tupu," akasema. "Kilichojaa ni kibaraza. Kupanua leo hakuwezekani; ni kuhamisha vitu na kugawa upya."

"Mdogo wangu," dada yake akamwambia Siwema, "nyumba tupu, wageni wangu wamelala kibarazani? Nani alikugawia vyumba hivi?"

Macho ya Siwema yalikuwa ng'ambo ya barabara, na sote tukajua jibu.

Alivuka mwenyewe, na flashi yenye picha mkononi. Kashindye akaipokea, akafuta chumvi ya karanga vidoleni, akamvutia kiti. "Kaa, jirani. Kwangu foleni ina nafasi."

Kiti kile, Siwema anasema mpaka leo, kilikuwa cha moto. Ndiyo hivyo, wanangu: agawaye vyumba kwa kumtazama jirani, mgeni wake hulala kibarazani.