Zamu ya Maji Siku ya Wingu

Wametusimulia waliopokea kwa waliotangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, kwamba katika Omani ya bara, chini ya majabali, palikuwa na mji mdogo ulioishi kwa mfereji mmoja. Jina la mji wasimulizi wanahitilafiana, na mimi sitagombana nao. Linalotuhusu sisi ni maji. Yalitoka ndani ya jabali, yakafuata mfereji uliochimbwa na mababu, yakaingia bustani moja baada ya nyingine kwa zamu. Kila mwenye bustani alikuwa na kizibo chake cha jiwe na udongo, akikiondoa zamu yake inapoingia na kukirudisha inapokwisha.

Sasa mtauliza, zamu walizipima vipi na saa hawana? Usiku walitazama nyota. Mchana palikuwa na mti uliosimikwa uwanjani, karibu na msikiti, na mawe yamepangwa chini kwa alama. Kivuli kikifika jiwe la fulani, maji ni ya fulani. Na kwa kuwa jua halina jamaa wala rafiki, watu walikaa miaka na miaka bila ugomvi. Ila palikuwa na kanuni moja ya zamani: wingu likilifunika jua na kivuli kikapotea, maji hubaki kwa yule aliyenayo mpaka jua litoke tena. Walioiweka hawakuwa wajinga. Mawingu ya nchi ile ni haba na hupita upesi, na likija zito huja na mvua, na mvua ikinyesha nani tena anauliza zamu? Kanuni ikawa haimuumizi mtu, ikaachwa ilivyo.

Basi ukaja ukame, ukarudi mwaka wa pili, na wa tatu haukuondoka. Mfereji ukakonda. Watu wakawa wanauangalia kama mtu anavyomwangalia mgonjwa wake.

Katika mji huo alikuwapo mtu akiitwa Musabbah bin Ghasani, na mkewe Zuweina binti Hilali. Musabbah alikuwa mkweaji wa mitende. Msimu wa kuchavusha ukifika, mji mzima humwita apande, na alipanda akisoma tasbihi zake kwa sauti mpaka walio chini wakawa wanamuitikia. Siku moja kamba ikakatika, akaanguka, nyonga ikavunjika ikaunga vibaya. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kukaa ndani. Bustani yao ndogo, katikati ya urefu wa mfereji, ikabaki mikononi mwa Zuweina, na chakula chao cha mwaka kikawa ni tende za bustani hiyo tu, hakuna kingine.

Mguu uliuma, lakini kilichoharibika zaidi ni moyo. Musabbah aliswali, maana aliogopa kuacha swala. Aliswali kwa kukaa na kwa kutayamamu kwa mchanga badala ya maji, na akitoa salamu tu hujiegemeza ukutani, mikono hainyanyui. Mkewe alipomuuliza kwa nini haombi dua, alijibu kwa upole, bila hasira yoyote, "Nimeomba mpaka nimechoka, binti Hilali. Naona mimi nimeshasahauliwa." Na mja akifika hapo, ndugu zangu, ni pabaya kuliko nyonga.

Zuweina kwa tabia yake alikuwa kinyume. Yeye shukrani ilikuwa mdomoni. Mbuzi akifa, alhamdulillahi amebaki mmoja. Mmoja akifa, alhamdulillahi hatuna tena wa kumtafutia majani. Majirani walimtania, na mumewe kuna siku ilimchosha, akamwambia, "Hebu niambie, unamshukuru Mungu kwa lipi hasa? Kwa mguu wangu?"

Akasema, "La, Bwana. Mguu wako umeniliza, na Mungu anajua. Simshukuru kwa kuwa umevunjika. Namshukuru kwa kuwa ulivunjika na Yeye yupo. Ungevunjika na hayupo, tungemwambia nani?"

Musabbah akageukia ukutani. Hakukubali.

Yafaa mjue na jambo hili, maana kisa kinaliegemea. Kwa desturi ya mji ule, mzunguko mmoja zamu ilianzia bustani za juu ikashuka, na mzunguko unaofuata ilianzia za chini ikapanda, na mawe ya uwanjani yakapangwa upya, ili asiwepo mtu anayesubiri mwenzake daima. Jirani yao wa upande wa juu alikuwa Sulayim bin Thuwaini, mtu mwadilifu, mwenye watoto wengi na maneno machache. Zamu ikishuka, Sulayim hupata kwanza, kisha wao. Ikipanda, hupata wao kwanza, kisha Sulayim.

Ikawa siku moja zamu inashuka, na tende bado mbichi vichalani, ndio wakati mtende unapokuwa na kiu kuliko wakati wote. Sulayim amefungua, Zuweina anangoja, mkono kwenye kizibo chake. Mara likaja wingu. Mji mzima ukatoka nje, wanawake wanapiga vigelegele, wazee wamevua vilemba wanaomba mvua. Kivuli kikapotea, na maji yakabaki kwa Sulayim, kama kanuni inavyosema. Wingu likakaa, likakaa, halikutoa hata tone. Lilipofunguka, jua lilikuwa karibu na kuchwa, na kivuli kimeshalipita jiwe la Musabbah kitambo. Zamu yao ilikuwa imekwenda, na msimamizi wa mfereji akayapitisha maji kwa jirani wa chini.

Sulayim alikuja mlangoni na uso umemshuka. Akasema, "Bi Zuweina, mimi sikupenda."

Akamwambia, "Najua, ndugu yangu. Hukutudhulumu. Nenda kwa amani."

Kisha akaingia ndani, akalia. Aliyesema mwenye subira halii hakupata kuona mwenye subira. Alilia mpaka akachoka, akanawa uso, na yale maji ya kunawia akatoka nayo nje akayamwaga shinani mwa mtende ulio karibu na mlango. Akasimama pale akiutazama ule unyevu unavyozama ardhini. Halafu akarudi akamwambia mumewe, "Kuanzia leo, udhu wako utautia chini ya mtende."

Musabbah akasema, "Mimi natayamamu. Kutoka nje siwezi."

"Utaweza nikikushika. Udhu hautaki maji mengi, na haya ya udhu yaliyobaki hayawezi kwenda bure."

Basi ikawa kila swala Zuweina humshika mkono, naye Musabbah akatoka akijikokota, akakaa kwenye jiwe, akatawadha, na maji yakitoka mikononi na miguuni mwake yakaingia shinani. Swala hii mtende huu, swala ile mtende ule. Mwanzo alitoka kwa kuona haya tu. Lakini mtu hawezi kukaa chini ya mtende alioupanda ujana wake wote asiinue macho. Akaanza kutazama vichala. Akaanza kuulizia ule mtende ulioinama upande wa ukuta. Tende zilikuwa zinaanguka, hilo aliliona, na lilimuuma, ila sasa lilimuuma akiwa nje kwenye upepo, si ndani ukutani. Na siku moja, baada ya salamu, Zuweina akaona mikono ya mumewe imenyanyuka. Akapita taratibu, akaogopa kumshitua.

Mzunguko ukarudi, safari hii zamu inapanda, na zamu ya Musabbah ni kabla ya Sulayim. Siku ile Musabbah akasema ataangalia kizibo mwenyewe. Akakaa ukingoni mwa mfereji, mguu wake mbovu ameunyoosha, maji yanaingia bustanini taratibu, membamba, na mitende inakunywa. Mashina ya mwanzo yalikuwa yameshapata, ya mwisho bado.

Likaja wingu.

Halikuwa kama lile la kwanza. Safari hii hakuna aliyetoka kupiga vigelegele, watu walikwisha kuudhika nalo. Kivuli kikapotea uwanjani, na maji, kwa kanuni, yakawa ya Musabbah mpaka jua litoke. Sulayim akaja, akachutama upande wa pili wa mfereji, akimwangalia jirani yake. Hakuomba wala hakulaumu. Nyuma yake, juu ya ukuta, mitende yake nayo imekunjamana.

Zuweina akaja mbio kutoka nyumbani, uso unang'ara. Akasema, "Alhamdulillahi, Bwana. Mungu ametulipa. Kile kilichotutoka kimerudi kwa mlango uleule."

Musabbah akainamia mfereji. Akayatazama maji, akatazama juu, wingu limetanda hata hujui jua liko upande gani. Akawa anakadiria, kama mtu aliyekaa na mfereji ule tangu utotoni, maji yameingia kiasi gani na kwa kawaida huingia kiasi gani. Akawa anajua. Na kujua kulimtesa, maana mashina ya mwisho yalikuwa bado makavu, na humo ndimo kilimokuwa chakula chao.

Akasema, "Binti Hilali, niletee udongo."

"Udongo wa nini? Jua halijatoka."

"Zamu yetu imekwisha. Au imekaribia sana. Tukikosea, tukosee kwa kujipunja."

Zuweina akasema kwa sauti ya chini, ili Sulayim asisikie, ingawa alisikia, "Mitende ya nyuma haijapata. Na sisi tulipokoseshwa, kanuni ilikuwa hiihii. Huoni kwamba hii ni neema?"

Musabbah akamwambia, "Wewe ndiye uliyenifundisha kushukuru, na Mungu akulipe. Lakini hii tusiishukuru. Hii ina watoto wa mwenzetu ndani yake. Tufunge kwanza, tutashukuru baadaye."

Wasimulizi wanasema Zuweina aliyageukia yale mashina ya nyuma, makavu bado. Kisha akainama, akachota udongo kwa mikono yake miwili, akaziba. Aliziba vizuri, akaupigapiga mpaka hakuna tone linalopita, na machozi yanamtoka. Upande wa pili Sulayim akafungua chake.

Jua lilipotoka, kivuli kilikuwa hakijafika jiwe la Sulayim, ikaonekana walifunga mapema kidogo. Sulayim alipoona hivyo akaziba kwake, akayarudisha maji, akasema, "Hiki kilichobaki ni haki yako, si zawadi." Yakafika mashina ya nyuma, si yote. Msimamizi wa mfereji akasikia habari, akawaita wazee, na wakaiondoa ile kanuni. Tangu siku hiyo, jua likifichwa, mwenye zamu na anayemfuata hukaa pamoja penye kizibo, wakakadiria kwa kumuogopa Mungu na kufunga kwa kauli moja.

Mvua haikunyesha mwaka ule. Nawaambia msije mkadhani wingu liliona wema wa watu likajimwaga. Tende za Musabbah zilikuwa haba, walikula kwa kupimiana, na Zuweina alikonda. Lakini walikula mpaka msimu mwingine, wala hawakugonga mlango wa mtu.

Baada ya mavuno, Sulayim alimuuliza, "Ndugu yangu Musabbah, siku ile hukuogopa?"

Akajibu, "Niliogopa sana. Mpaka leo naogopa. Ila nitakwambia kitu. Tangu nianguke, nilikuwa nikiamini Mola wangu ameniacha. Nikawa kila siku natafuta dalili, na kila siku naona ukuta. Siku ile nimekaa pale, mguu mbovu, mitende inakufa, nikakuona wewe umechutama unangoja haki yako, na haki yako iko mkononi mwangu. Nikajiuliza, ikiwa nimetupwa, vipi tena ninapewa amana? Aliyetupwa hapewi kitu cha mtu akishike."

Wapenzi waumini, shida ina kawaida ya kutuonyesha yale yaliyotutoka tu, na sisi tukakaa tukiyatazama hayo. Basi mwenye dhiki miongoni mwetu leo, na wapo, nawaona, asijilazimishe kucheka wala asiambiwe asilie. Aangalie tu mkononi mwake, kuna haki ya nani humo. Mke, mtoto, mzazi mgonjwa, jirani anayengoja. Akiiona, ajue hakusahauliwa.