Fukusi wa Harusi ya Kalunde

Sogeeni. Na wewe unayetafuna karanga, tafuna polepole, nisije nikashindana na meno yako.

Zamani zile hadithi hazikutungwa, zilirithiwa. Kila ukoo ulikuwa na zake, kama ulivyokuwa na mashamba, na binti hakuolewa mpaka shangazi yake awasimulie wakwe hadithi wasiyoijua. Wakiijua, mzee wao alisema, "Tumeisikia," na binti akarudishwa kwao. Desturi mbaya kweli, lakini ndiyo iliyokuwapo.

Ukoo wa Kalunde ulikuwa na hadithi chache, na zote zilikwisha kutumika kuwaoza dada zake. Naye Kalunde alimpenda mchumba wake, Masanja, mpaka akashindwa kula vizuri. Shangazi yake, Nyamizi, aliumia sana moyoni. Asubuhi ya harusi alikuwa amekaa akichambua maharage ya wageni, ungo mapajani, hana hata neno la kuanzia.

Fukusi mmoja akatoboa harage, akachungulia. Siku nyingine Nyamizi angemponda kwa kucha. Siku hiyo alimtazama.

"Wewe nawe," akamwambia, "unakula nyumba yako mwenyewe. Ukiimaliza utalala wapi?"

Akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka, akainuka mbio kwenda kuoga.

Mchana akasimama mbele ya wakwe, akasimulia habari za mvivu aliyejenga nyumba ya maharage ili asiende kulima. Njaa ilipomwuma, alikula mlango. Mkewe alipomkanya, alikula ukuta. Mzee Magembe, babu yake Masanja, mjuzi wa hadithi zote za nchi ile, alikuwa amekwisha kufungua kinywa aseme neno lake. Kinywa kikabaki wazi. Nyamizi akamfikisha mvivu kwenye nguzo ya mwisho, mawingu yametanda, akanyamaza, akaomba maji ya kunywa.

"Sasa mvua ikimkuta?" Magembe akauliza. "Atajificha wapi?"

"Kumbe hukuisikia, baba," Nyamizi akasema.

Ua mzima ukalipuka kwa vigelegele. Magembe mwenyewe alicheka mpaka akakohoa, akamshika Kalunde mkono, akamwingiza ndani. Kisha akarudi upesi kukaa asikie mwisho.

Na tangu siku hiyo hadithi hutungwa, na yeyote aweza kuwa nazo, hata asiye na ukoo wenye jina. Ndiyo maana kwetu fukusi hapondwi kwenye ungo. Hutazamwa kwanza, kisha hupulizwa aende zake. Na ndiyo maana msimulizi akinyamaza katikati, ninyi mnashindwa kuvumilia, mnauliza, "Ikawaje?" Mkiuliza tu, ameshinda.